Mali Bila Daftari: Mirathi ya Ukoo wa Paston

Ndugu msomaji, hapana shaka umewahi kuketi msibani, matanga hayajaondolewa bado, ukamsikia mtu akisema kwa sauti ya chini: "Marehemu aliniambia mwenyewe." Ni maneno matatu tu. Lakini yakishatamkwa, kimya hutanda ukumbini. Kisha mwingine huuliza: "Alikuambia lini? Na nani mwingine alikuwapo?" Tangu saa hiyo wale waliokuwa wakilia pamoja huanza kutazamana kwa pembe ya jicho.

Jumapili hii napenda tuyafuate maneno hayo matatu hadi nchi ya mbali na zama za kale: katika jimbo la Norfolk, mashariki ya Uingereza, karne ya 15. Huko uliishi ukoo wa Paston. Hawakuwa wafalme wala machifu wakubwa, bali makabaila wadogo, watu wa daraja la kati ya mkulima na mtukufu. Tunawafahamu kuliko wenzao kwa sababu moja: hawakutupa karatasi zao. Barua na hati zao zaidi ya 1,000 zipo hadi leo, nyingi zikiwa zimehifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza mjini London, na za kwanza zilichapishwa kitabuni mwaka 1787. Humo tunawasikia mume na mke, mama na wanawe, wakizungumza juu ya jambo moja ambalo halikuwaachia usingizi. Jambo hilo ni ardhi.

MWANA WA MKULIMA

Habari yaanza kwa Clement Paston. Karatasi moja iliyoandikwa na maadui wa ukoo huo yasema kwamba Clement alikuwa mkulima wa kawaida, aliyelifuata jembe lake la kukokotwa na wanyama kiangazi na masika, na aliyekwenda kinuni juu ya farasi asiye na tandiko huku nafaka ikiwa chini yake. Alilima ekari kama 100 au 120 hivi katika kijiji cha Paston, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilishikwa kwa masharti ya kitwana, yaani kwa kumtumikia bwana mwenye nchi. Mkewe, Beatrice, alisemwa kuwa mzaliwa wa watwana.

Karatasi hiyo iliandikwa ili kuwaaibisha wajukuu. Lakini sisi tunaoisoma leo tunaona sifa mahali palipokusudiwa tusi. Maana yaendelea kueleza kwamba mkulima huyo alikopa fedha ili mwanawe, William, aende shule, na kwamba shemeji yake Clement, aliyekuwa mwanasheria, akamsaidia kijana kusomea sheria. Clement alifariki mwaka 1419. Miaka kumi baadaye, mwaka 1429, mwanawe aliketi kitini kama jaji wa mahakama ya madai ya Mfalme.

Jaji William Paston hakuweka fedha zake sandukuni. Alinunua ardhi. Katika nchi ile mfanyabiashara aliweza kuwa tajiri akabaki kudharauliwa. Mwenye milki ya ardhi ndiye aliyeitwa bwana. Na milki moja haikuwa shamba tu. Ilikuwa na ardhi ya bwana mwenyewe, vipande vya wapangaji waliomlipa kodi, na baraza ambamo wakili wa bwana aliwaamua wapangaji hao kwa makosa yao. Jaji alinunua Oxnead, akanunua Gresham, na mwaka 1420, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 40, akamwoa Agnes Berry, mrithi wa mashamba ya baba yake. Kwa kizazi kimoja tu, jembe liligeuka kuwa muhuri.

MZALIWA WA KWANZA

Hapa inafaa, msomaji, tusimame kidogo tuitazame sheria ya mirathi ya makabaila hao, maana bila kuifahamu hutaelewa kwa nini ndugu waligombana.

Kwa jumla ardhi yote ilimwendea mwana wa kwanza wa kiume. Wadogo zake walipata kile ambacho baba alikuwa amekitenga mapema. Kama hakutenga, hawakupata ardhi. Mabinti hawakurithi maadamu yupo ndugu wa kiume. Asipokuwapo, waligawana sawasawa. Mjane alikuwa na haki ya theluthi moja ya ardhi ya mumewe, naye aliitumia mpaka kufa kwake tu, kisha ikarudi kwa mrithi. Mwanamke aliyerithi ardhi kwa baba yake aliolewa nayo, na mumewe ndiye aliyeisimamia. Na ikiwa baba alikufa mrithi akiwa hajatimiza miaka 21, bwana mkubwa wa ardhi hiyo aliweza kuishika na kula mazao yake hadi mtoto akue, pamoja na kumchagulia mtoto huyo mke au mume. Haki hiyo ya kumlea mtoto wa mwenzio iliuzwa na kununuliwa kama ng'ombe mnadani.

Zaidi ya hayo, kwa jumla sheria haikumruhusu mtu kuigawa ardhi kwa wosia. Ruhusa hiyo ilitolewa na Bunge mwaka 1540. Basi makabaila walibuni njia ya kuzunguka. Mtu akiwa mzima aliikabidhi ardhi yake kwa marafiki kadhaa anaowaamini, wawe wadhamini. Kwa jina la sheria ardhi ilikuwa yao, lakini waliishika kwa manufaa yake, na alipokaribia kufa aliwaagiza waipeleke kwa nani. Kwa njia hiyo baba aliweza kumkumbuka mtoto mdogo, binti, au maskini wa kanisani.

Ilikuwa njia nzuri, lakini yote yalitegemea neno la mwisho la mwenye mali. Je, neno hilo lilisemwaje, na nani alilisikia?

KITANDA CHA JAJI

Mwezi wa Agosti 1444 Jaji William Paston aliugua akafariki mjini London. Wosia wa maandishi ulikuwapo. Lakini mjane wake, Agnes, alisema kwamba katika ugonjwa wake jaji aliongeza maneno mengine kwa mdomo: kwamba mashamba kadhaa wapewe wanawe wadogo, na kwamba itengwe mali ya kumlipa padre amwombee. Kwa maelezo ya Agnes, marehemu hakupenda kumpa mmoja kingi mno hata waliobaki wakose cha kuwatosha kuishi.

Maneno hayo yana busara ya mzazi. Lakini mwana wa kwanza, John, aliyekuwa na miaka 22, hakuyakubali. Palipokuwa na maandishi alisimama juu ya maandishi, na palipokuwa na maneno matupu alisimama juu ya sheria ya mzaliwa wa kwanza. Agnes aliandika kumbukumbu ya maneno ya mumewe, lakini baada ya kifo, na kalamu inayokuja baada ya kifo huandika kwa wino mwepesi. Mama na mwana wakawa baridi kwa miaka mingi. Mdogo wake John aliyeitwa William, mtoto wa miaka minane baba yao alipokufa, alikua akasomea sheria, akaifuata haki yake hadi kugombana na watoto wa kaka yake. Agnes alipofariki mwaka 1479, miaka 35 baada ya mumewe, mashamba yale yale yalikuwa yakigombaniwa bado.

Fikiri, msomaji. Huyu alikuwa jaji. Alikuwa ameamua kesi za ardhi za watu wengine kwa miaka 15, na aliyajua mashimo yote ya sheria. Hata hivyo aliwaachia mke na watoto wake shimo lile lile. Kwa hiyo tusiseme kwamba ni wasiosoma tu wanaosahau kuandika. Mtu yeyote hudhani kwamba kesho ipo.

MKE WA NYUMBANI

John Paston alikuwa amemwoa Margaret Mautby mnamo mwaka 1440. Margaret alikuwa mtoto pekee, mrithi wa Mautby na milki nyingine, na hapana shaka ndoa hiyo ilipangwa kwa hesabu ya ekari. Lakini ilitokea kuwa ndoa njema. Si kila binti wa ukoo ule aliyepangiwa ndoa alitendewa hivyo. Mnamo mwaka 1449 dada yake John, Elizabeth, alipokuwa akitafutiwa mume mwenye umri wa karibu miaka 50, alipigwa na mama yake, Agnes, mara moja au mbili kwa juma hata akapasuliwa kichwa mahali pawili au patatu. Jamaa mmoja wa kike wa ukoo huo ndiye aliyeandika habari hiyo kwa huzuni, akiomba binti yule aokolewe.

Kesi ziliporundikana, John alikaa London mahakamani, na Margaret akabaki Norfolk kulinda mashamba. Wakati ule Mfalme Henry wa 6 alikuwa dhaifu, na mwenye nguvu alichukua alichokitaka. Tarehe 17 Februari 1448 mtukufu mmoja, Bwana Moleyns, aliinyakua milki ya Gresham kwa madai ya haki ya kale. John alijaribu kusema naye kwa njia ya maneno, asisikilizwe. Ndipo Oktoba 1449 alipoingia tena katika nyumba moja ya Gresham, akamwacha Margaret humo.

Katika barua moja ya siku hizo Margaret anamwagiza mumewe amletee pinde za mtambo pamoja na mishale yake, kwa kuwa nyumba ni fupi na pinde ndefu hazifai ndani. Katika barua hiyo hiyo anamwagiza pia ratili moja ya lozi na ratili moja ya sukari, na nguo za watoto. Mama wa nyumba asomaye ukurasa huu atamwelewa bila kufafanuliwa. Adui yuko mlangoni, lakini watoto lazima wavae na chungu lazima kiinjikwe.

Tarehe 28 Januari 1450 watu wa Moleyns walikuja. Katika malalamiko yake John alisema walikuwa 1,000, wenye silaha na ngazi, na kwamba Margaret alikuwa na watu 12 tu. Waliichimba chini ukuta wa chumba alimokuwa, wakamtoa nje kwa nguvu, wakaipora nyumba. Gresham ilirudi kwa akina Paston mwaka 1451, ikiwa imeharibiwa. Kwa sheria ya nchi, mwanamke huyo hakuwa na sauti juu ya ardhi hiyo. Lakini ni yeye aliyekaa ndani wakati ukuta ukichimbwa.

KITANDA CHA PILI

Sasa tufike kwenye kitanda kingine. Katika ngome ya matofali ya Caister, karibu na bahari, aliishi Sir John Fastolf, askari mkongwe wa vita vya Ufaransa, tajiri, asiye na mtoto wa kumrithi. Mshauri wake wa sheria alikuwa John Paston. Fastolf alifariki tarehe 5 Novemba 1459 akiwa na karibu miaka 80. Ndipo John Paston alipotoa habari kwamba siku mbili kabla ya kufa, mzee alikuwa amebadili wosia wake: mashamba yake yote ya Norfolk na Suffolk yawe ya John Paston, kwa sharti kwamba alipe maki 4,000, yaani karibu pauni 2,667, na aanzishe pale Caister nyumba ya watu wa dini na maskini saba.

"Marehemu aliniambia mwenyewe." Mtu yule aliyemkatalia mama yake maneno ya kitanda cha mauti mwaka 1444, sasa aliwataka walimwengu wote wayakubali maneno ya kitanda cha mauti.

Walimwengu walikataa. Wadhamini wenzake wakasimama kinyume chake. Mashahidi walisema mbele ya mahakama ya kanisa kwamba siku zile za mwisho pumzi ya mzee ilikuwa dhaifu mno, hata aliyeinama karibu hakusikia vizuri alichosema. Wengine wakaapa kwamba alisema. Baadaye kasisi wa Fastolf, Thomas Howes, alitamka kwamba wosia ule ulikuwa wa kubuni. Je, John alidanganya? Wanahistoria wanabishana hadi leo, na barua zake hazikutuachia ungamo.

Tunachokifahamu ni gharama yake. John alitiwa katika gereza la Fleet mjini London mara tatu. Maadui wakaifufua habari ya babu aliyelima kwa jembe, maana kama ukoo ulikuwa wa watwana, bwana wao angeweza kudai kila kitu. Mwezi Oktoba 1465 watu wa Duke wa Suffolk waliibomoa nyumba ya Hellesdon, wakalipora hata kanisa la kijiji. Mwezi Mei 1466 John alifariki London, mwenye miaka 44. Mwaka huo huo Mfalme Edward wa 4 alitangaza kwamba akina Paston ni waungwana wa asili. Mwenyewe hakuwahi kulisikia tangazo hilo.

Wanawe waliurithi ugomvi pamoja na ardhi. Mwaka 1469 Duke wa Norfolk aliizingira Caister kwa maelfu ya watu, na ndani walikuwamo kama watu 30 tu. Ilimbidi kijana wa Paston aisalimishe. Mwaka 1470 mwana mkubwa, Sir John, alikubali suluhu: sehemu kubwa ya mali ya Fastolf ikaenda katika chuo cha Magdalen, Oxford, na yeye akabaki na Caister na mashamba machache. Ngome yenyewe aliipata mwaka 1476, Duke alipokufa. Ilikuwa miaka 17 tangu Fastolf avute pumzi ya mwisho. Ile nyumba ya maskini saba haikujengwa Caister kamwe. Na katika barua zake Margaret alikuwa akilalamika kwamba kaburi la mumewe halijawekewa jiwe.

Wahenga wetu walisema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Lakini wakigombana juu ya shamba lenyewe, wavunao huwa mawakili.

MANENO YA MARGERY

Yapo maneno ya tatu katika nyumba hiyo, nayo hayakusemwa kitandani pa mgonjwa. Binti wa Margaret, Margery, alipendana na Richard Calle, msimamizi wa mashamba yao, kijana mwaminifu wa ukoo wa wauza duka. Walipeana ahadi ya ndoa kwa siri, wao wawili tu. Kwa sheria ya kanisa ya wakati ule, ahadi kama hiyo ilitosha kuwa ndoa.

Kaka mmoja aliandika kwamba hataridhia dada yake akauze mishumaa na haradali mjini Framlingham. Mwaka huo huo wa 1469 Margery aliitwa mbele ya askofu wa Norwich, akaulizwa ni maneno gani hasa waliyoambiana. Akayataja. Akaongeza kwamba kama maneno hayo hayatoshi kuifunga ndoa, basi atayasema yaliyo imara zaidi kabla hajaondoka pale. Askofu hakuweza kuitangua ndoa. Margaret, mwanamke yule aliyekaa ndani ya Gresham, akaamuru mlango wa nyumba yake ufungwe mbele ya binti yake.

Basi itazame familia hii, msomaji. Kwa miaka kumi walikuwa wakidai kwamba neno lililosemwa na mzee asiyesikika lihesabiwe haki, kwa kuwa lilileta ardhi. Lakini neno lililosemwa wazi na binti yao wenyewe walilikataa, kwa kuwa halikuleta hata ekari moja.

KARATASI YA MARGARET

Mwaka 1482 Margaret Paston, mjane, alifanya jambo ambalo wanaume waliomtangulia walikuwa wamelifanya nusu nusu. Aliandikisha wosia wake angali na nguvu, kwa urefu, kitu kwa kitu na jina kwa jina. Alieleza mahali atakapozikwa, yaani Mautby, kwenye ardhi ya baba yake, na jiwe litakalowekwa juu yake. Aliwakumbuka wapangaji wake, nyumba kwa nyumba, kila moja na senti zake. Aliwakumbuka wagonjwa wa ukoma. Na katikati ya orodha hiyo ndefu aliandikisha pauni 20 kwa John Calle, mwana wa Margery binti yake, atakapotimiza miaka 24. Na kama akifa kabla ya hapo, fedha hizo wagawane wadogo zake wawili.

Alifariki mwaka 1484. Hatuna barua inayosema kwamba alimsamehe Margery. Tuna mstari huo mmoja tu wa wosia, lakini ni mstari ambao haukuacha nafasi ya mtu kusema "aliniambia" wala "hakuniambia". Mlango uliofungwa kwa maneno ulifunguliwa kidogo kwa maandishi.

Usidhani kwamba habari hizi ni za ng'ambo tu. Sheria za Kiingereza pamoja na fikra yake ya udhamini zilipokelewa Tanganyika kwa amri ya mwaka 1920, na miliki za ardhi za kudumu za mtindo wa Kiingereza ziliondolewa mwaka 1963. Miliki hizo ziliondolewa, lakini maneno yale matatu ya msibani hakuna sheria iliyoweza kuyaondoa.

Mimi sikushauri, ndugu msomaji, juu ya nani umwachie nini. Hilo ni lako, la dini yako na la mila yako. Nasema tu kwamba kama una kiwanja, nyumba ya vyumba vinne, au cherehani ya mama, kaa chini ungali mzima, uandike mbele ya mashahidi, na uwaambie wote wanaohusika ukiwa hai wa kuulizwa. Umkumbuke na yule uliyemfungia mlango. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na mara nyingi undugu hupotea pamoja nayo.